Idi Ugenini: Kinachosafiri na Kinachobaki Nyumbani

Makobola iko kusini mwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye barabara ya kwenda Baraka. Kijana wa pale akimaliza sekondari na kutaka chuo kikuu, kwa kawaida hufunga mzigo. Wengine huishia Uvira, wengine hupanda Bukavu, wengine huvuka mpaka wa Kavimvira kwenda Bujumbura au huvuka ziwa hadi Kigoma. Akiwa Mwislamu, mapema au baadaye atakutana na Idi ambayo ratiba ya masomo haikuitengea nafasi.

Makala hii inaeleza kwa nini siku hiyo haitabiriki, kwa nini nchi jirani haziitazami kwa namna moja, na dini inamtaka mwanafunzi afanye nini hasa. Hoja yetu ni kwamba ibada ya Idi ni nyepesi na husafiri na mtu popote. Kilicho kizito ni mila, na kuchanganya hivyo viwili ndiko kunakomwumiza aliye mbali na kwao.

Siku inayotembea

Neno Idi ni la Kiarabu, na wengi hulinasibisha na mzizi wenye maana ya kurudi. Hurudi kweli, ila si tarehe ileile. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka Idi hutangulia kwa siku 11 hivi, na huchukua kama miaka 33 kurejea majira yaleyale. Makobola ina mfano wake wenye uchungu. Mauaji yaliyofanyika pale kuanzia 30 Desemba 1998 hadi 2 Januari 1999 yalitokea ndani ya Ramadhani. Kumbukumbu ya marehemu imebaki kwenye tarehe yake. Ramadhani iliondoka, ikazunguka miezi yote, na kwa hesabu ya kalenda itazikuta tena siku hizo mwishoni mwa 2030.

Juu ya hesabu kuna mwandamo wa mwezi. Mwezi ukionekana baada ya magharibi ya siku ya 29 ya Ramadhani, kesho yake ni Idi el Fitri. Usipoonekana, funga hukamilishwa siku 30. Wapo wanaofuata mwezi wa nchi yao na wapo wanaofuata tangazo la Saudi Arabia. Mwaka 2025 Saudi Arabia ilisali Jumapili 30 Machi, Tanzania ikasali Jumatatu 31 Machi. Mwanafunzi aliye Kigoma anaweza kuwa bado amefunga huku simu yake ikijaa salamu za ndugu waliokwisha kula. Lililo jepesi kwa mgeni ni kufuata Waislamu wa pale alipo.

Idi el Hajj haina shida hiyo. Huwa siku ya 10 ya mfungo tatu, yaani Dhul-Hijja, na mwezi ukishaandama siku yake hujulikana zaidi ya wiki moja kabla. Hivyo ruhusa ya Idi el Hajj inaweza kuombwa kwa tarehe moja, lakini ya Idi el Fitri iombwe kwa tarehe mbili, "hii au inayofuata."

Ratiba na mipaka

Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi huipa Idi el Fitri mapumziko ya kitaifa. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo Krismasi imo katika orodha ya sikukuu, Idi haimo. Ndiyo maana ndugu wawili wa Makobola wanaweza kuamkia siku moja, aliye Bujumbura akiwa mapumzikoni na aliye Uvira akielekea mtihanini.

Sababu ni za kihistoria. Katika karne ya 19 Uislamu uliingia upande huu pamoja na Kiswahili, kwa misafara ya wafanyabiashara wa Pwani waliopitia Ujiji, ukashika mizizi zaidi Kasongo na sehemu nyingine za Maniema. Baadaye utawala wa Kibelgiji uliacha sehemu kubwa ya shule mikononi mwa misioni za Kikristo, na mwaka wa shule ukapangwa kwa kufuata Krismasi na Pasaka. Katiba ya 2006, ibara ya 1, inasema dola haina dini. Ibara ya 22 inampa kila mtu uhuru wa dini. Kwa hiyo mwanafunzi ana haki ya kuabudu, lakini hana sikukuu. Katikati ya hayo mawili kilichobaki ni barua ya ruhusa na busara ya mwalimu.

Kinachotakiwa

Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafi. Humo sala ya Idi ni sunna iliyotiliwa mkazo, si faradhi. Ni rakaa mbili, yenye takbira saba za ziada katika ya kwanza na tano katika ya pili. Wakati wake huanza jua likishapanda kidogo na huisha kabla ya adhuhuri. Jamaa ni bora, lakini hata msafiri aliye peke yake chumbani anaweza kuisali, bila hotuba. Kwetu jua huchomoza karibu saa kumi na mbili. Mtihani wa saa mbili asubuhi haumnyimi mtu sala.

Zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula cha mahali, kama mchele au mahindi, yaani kilo mbili na nusu hadi tatu kwa kila mtu, na hutolewa kabla ya sala. Mwanafunzi na wazazi wakubaliane mapema nani atoe, isije kila mmoja akadhani mwenzake ametoa. Katika Idi el Hajj, mnyama anayechinjwa na baba nyumbani hutosha kwa watu wa nyumba yake, na anayetaka kuchinja mwenyewe anaweza kumwakilisha mwingine.

Kinachobaki nyumbani

Nguo mpya, wali na nyama, kuzuru wazee, mkono wa Idi kwa watoto: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho sharti. Dini imekataza kufunga siku ya Idi, haikutaja sahani iwe na nini. Ugali na ndagala vinatosha. Lakini mila ndiyo inayomfanya mtu ajione ana kwao, na upweke wa Idi hutoka hapo. Dawa yake ni watu. Wanafunzi watatu wakichanga na kumwalika mwenzao asiye Mwislamu, Idi imepata wageni. Naye akisema "Idi njema," "Sikukuu njema" au hata "Bonne fête," aitikiwe kwa furaha ileile.

Kwa walimu na viongozi wa madarasa, tunapendekeza jambo moja lisilo na gharama: mwanzoni mwa mwaka wa masomo, tarehe zinazotarajiwa za Idi zote mbili ziandikwe kwenye ratiba, na mtihani usipangwe hapo pasipo lazima. Naye mwanafunzi apeleke barua yake wiki mbili kabla, si asubuhi ya Idi.