Kamongo si Chotara wa Nyoka na Kambare

Mfugaji wa sato anapovuta kokoro katika bwawa lililo jirani na vinamasi vya Ziwa Victoria, akakuta ndani yake mnyama mrefu, mwenye utelezi na rangi ya kijivu yenye mabaka, anayetoa mdomo juu ya maji na kuvuta hewa kwa sauti, swali analolipeleka kwa afisa uvuvi karibu kila mara huwa lile lile: je, huyu ni chotara wa nyoka na kambare? Swali hilo limekwisha kujibiwa mara nyingi kupita kiasi, na kwa kuwa majibu mafupi hayajalizuia kurudi, inafaa lijibiwe hapa kwa kirefu.

Mnyama huyo ni samaki kamili. Katika eneo la ziwa huitwa kamongo, na baadhi ya vitabu humwita kambare-mamba. Jina lake la kisayansi ni Protopterus aethiopicus, naye ni mmoja wa spishi nne za samaki wenye mapafu waliopo Afrika. Anaishi katika Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika na sehemu kubwa ya bonde la Mto Nile, na anaweza kukua hadi kufikia urefu wa mita 2. Ndugu yake mdogo, Protopterus amphibius, huonekana katika maji ya mabondeni upande wa pwani, likiwamo bonde la chini la Mto Tana.

Dhana ya uchotara huanguka kwanza mbele ya suala la uzazi wenyewe. Kambare jike hutaga mayai majini na dume huyamwagia mbegu nje ya mwili, ilhali nyoka hutungisha mimba ndani ya mwili wa jike, kwa viungo maalumu ambavyo kambare hana cha kulingana navyo. Hata kama mbegu za mmoja zingefikishwa kwa yai la mwingine kwa mkono wa binadamu, yai na mbegu havingeweza kuungana na kukuza kiinitete, kwa sababu nasaba za wanyama hao wawili zilitengana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na maelekezo ya ujenzi wa mwili yaliyomo katika chembe zao hayaendani tena. Uchotara wa kweli upo, na wafugaji wanaujua vizuri: sato, aliyeingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, huzaana na ngege kwa sababu wote wawili ni wa jenasi moja, yaani kundi dogo la spishi zenye undugu wa karibu sana. Kuruka kutoka uchotara wa sato na ngege hadi uchotara wa kambare na nyoka ni kudhani kwamba umbali wa ukoo hauna maana yoyote, na dhana ya namna hiyo haiwezi kumsaidia mtu anayefuga viumbe hai ili apate riziki.

Hoja ya pili ni ya wakati, na hiyo peke yake ingetosha kulifunga suala hili. Samaki wa ukoo wa kamongo wameacha mabaki yao katika miamba yenye umri wa takriban miaka milioni 400, ambapo mabaki ya kale zaidi ya nyoka yanayojulikana hayafiki hata miaka milioni 200, na ya jamii nzima ya kambare ni machanga zaidi ya hapo. Anayeshikilia kwamba kamongo alizaliwa na nyoka na kambare analazimika kukubali kwamba mtoto aliwatangulia wazazi wake duniani kwa zaidi ya miaka milioni 200.

Tatu ni mwili wenyewe, ambao mtu yeyote mwenye kisu na subira anaweza kuukagua. Kambare hana magamba kabisa. Kamongo anayo, ingawa yamezama katika ngozi laini kiasi kwamba hayaonekani mpaka utelezi upanguswe. Kambare ana sharubu nane kuzunguka mdomo. Kamongo hana hata mmoja. Nyoka wengi hutumia pafu moja, la kulia, huku la kushoto likiwa limedumaa au halipo. Kamongo ana mapafu mawili yanayofanya kazi, na pamoja nayo ana matamvua, yaani viungo vya kupumulia majini, ambavyo hakuna nyoka mwenye navyo katika hatua yoyote ya maisha yake. Kambare naye huvuta hewa, lakini kwa kiungo chenye matawi mithili ya kichaka kidogo kilichoko juu ya matamvua, wala si kwa mapafu. Kinywani, badala ya meno membamba ya nyoka au vijino vidogo vya kambare, kamongo ana mabamba magumu ya meno yanayovunja magamba ya konokono bila shida. Chotara hutarajiwa kubeba sura za pande zote mbili, lakini huyu ana viungo ambavyo hakuna hata upande mmoja unaoweza kuwa umemrithisha.

Ni haki kusema kwamba sura ya samaki huyu imewatatiza hata wasomi. Mwaka 1837 Leopold Fitzinger, alipomwelezea samaki wa ukoo huu kutoka Amerika Kusini, alimweka miongoni mwa watambaazi, kundi ambalo wakati huo lilijumuisha vyura pia, na miaka miwili baadaye Richard Owen, akichunguza sampuli kutoka Afrika, alisisitiza kwamba mnyama wa namna hiyo ni samaki. Mabishano hayo yalikuwa na msingi, kwa kuwa kati ya samaki wote walio hai leo hawa wenye mapafu ndio walio karibu zaidi kwa nasaba na wanyama wenye miguu minne, kundi linalojumuisha vyura, nyoka, kuku, ng'ombe na binadamu. Hapa ndipo watu huteleza wanaposikia nusu ya maelezo: undugu wa kamongo na nyoka upo, lakini ni undugu ule ule, kwa kipimo kile kile, alionao kamongo na binadamu. Anayemwita mtoto wa nyoka kwa sababu hiyo angepaswa, kwa hoja hiyo hiyo, kumwita mtoto wa kuku.

Kumtambua, basi, hakuhitaji maabara. Alama isiyokosea ni mapezi yake ya pande mbili: mawili nyuma ya kichwa na mawili karibu na mkia, yote membamba na marefu kama nyuzi, ambayo mvuvi asiyezoea huyadhania kuwa ni minyoo iliyomganda. Pezi la mgongoni huungana na la mkiani na la chini kuwa ukingo mmoja unaochongoka nyuma. Kambare, kwa upande wake, ana kichwa bapa chenye mfupa mgumu, sharubu ndefu, na pezi la mkiani lililo peke yake na la mviringo. Katika mito inayomwaga maji Bahari ya Hindi, kama Pangani na Rufiji, anayechanganywa naye ni mkunga wa mtoni, ambaye ana mapezi mawili madogo tu nyuma ya kichwa na hana yoyote karibu na mkia. Nyoka hana pezi lolote, na mnyama mrefu asiye na mapezi asishikwe kwa mkono kwa kisingizio cha kumchunguza, hasa kandokando ya Ziwa Tanganyika ambako swila wa majini wapo. Watoto wa kamongo huwa na matamvua ya nje, yaliyochomoza shingoni kama manyoya, na kwa hiyo hudhaniwa kuwa viluwiluwi vya vyura.

Swali ambalo mfugaji angepaswa kuuliza ni jinsi samaki huyo alivyoingia bwawani na amekula nini tangu aingie. Mara nyingi huingia akiwa mdogo, kupitia mfereji wa maji usio na chujio, mafuriko ya masika, au vifaranga vilivyokusanywa ziwani bila kuchambuliwa, kisha hula konokono, wadudu na samaki wadogo, vifaranga vya sato vikiwamo. Kwa kuwa kamongo mkubwa hupata sehemu kubwa sana ya oksijeni yake hewani, na hufa akizuiwa kufika juu ya maji, bwawa lenye maji machafu linaloua sato halimsumbui. Tena samaki wa ukoo wake wanaweza kujichimbia topeni maji yanapokauka, wakajifunika kwa ute unaogeuka kuwa ganda na kukaa humo miezi mingi bila kula. Kulikausha bwawa kwa wiki chache na kulijaza tena hakuhakikishi kwamba ameondoka.

Hatua za kuchukua ni chache. Apigwe picha ya ubavu akiwa amelazwa kando ya rula, na nyingine ya mdomo na mapezi, kisha picha zipelekwe kwa afisa uvuvi wa eneo au taasisi ya utafiti, iwe TAFIRI kwa Tanzania au KMFRI kwa Kenya. Shaka ikibaki, kipande kidogo cha nyama kihifadhiwe katika spiriti kwa ajili ya uchunguzi wa vinasaba. Ashikwe kwa wavu, si kwa mkono, kwa kuwa mabamba yale ya meno hujeruhi vidole vibaya. Nyama yake haina sumu na huliwa ikiwa imepikwa vizuri au baada ya kukaushwa kwa moshi. Mwenye mwiko, kama Waganda wa ukoo unaomheshimu samaki huyu, ana haki ya kutomla, lakini anayeuziwa supu yake kama dawa ya kuacha pombe ampeleke mgonjwa wake kituo cha afya, kwa maana hakuna ushahidi wa kitabibu kwamba supu hiyo hutibu ulevi. Asihamishiwe bwawa jingine wala mto ambao hakuwamo, na sumu isimwagwe majini kwa ajili yake. Bwawa livuliwe lote, tope laini lichimbwe na kutolewa, na mdomo wa mfereji uwekewe wavu wa matundu madogo kabla maji hayajafunguliwa tena.