Picha 12 kwa kila pigo la ngoma

Mandewa, hapa Singida, ina kila kitu cha kutengenezea filamu ya vikaragosi. Waya wa kufungia nondo umezagaa kwenye nyumba zinazojengwa, vipande vya vitenge viko mlangoni kwa fundi cherehani, na godoro kuukuu lina sponji. Waya ndio mifupa, sponji nyama, kitenge nguo. Macho ni shanga. Kamera ni simu iliyofungwa kwenye kigoda isitikisike.

Unakisogeza kikaragosi kidogo, unapiga picha, unakisogeza tena. Filamu huenda kwa picha 24 kwa sekunde. Wengi hurudia kila mkao mara mbili, hivyo dakika moja hudai mikao 720. Bila muziki mtu hupotea humo. Ndiyo maana nasisitiza ngoma irekodiwe kwanza. Mdundo wa mapigo 120 kwa dakika huangukia kila baada ya picha 12, yaani mikao 6, na hapo unajua mguu ukanyage lini. Kama hakuna ngoma, rekodi mchi kinuni. Mama anayetwanga mara moja kwa sekunde anakupa picha 24 za kuinua mkono na kuushusha.

Adui wetu Singida ni upepo, kisha jua. Wingu likipita dirishani, filamu itapepesa. Ziba dirisha kwa blanketi, washa balbu moja, vaa nguo nyeusi isiyorudisha mwanga.

Wenzetu wa Afrika wametangulia. Jean-Michel Kibushi wa Kongo alianzisha Studio Malembe Maa mwaka 1988, na mwaka 1991 akatoa filamu ya chura aliyekwenda ukweni, kutoka ngano ya Watetela. Mwaka 1999, katika Muana Mboka, alisimulia habari za mtoto wa mitaani wa Kinshasa. Kabla yake, huko Niger, Moustapha Alassane alitoa Bon voyage Sim mwaka 1966, safari ya rais aliye chura. Filamu yake Kokoa ya 2001 ni mieleka ya vikaragosi.

Wote wawili walivutwa na chura, nami naelewa: mdomo mpana, miguu inayokunjika vizuri kwa waya. Tena ukweni hakuhitaji kufafanuliwa kwa mtu wa Mandewa. Anza na chura akibisha hodi, mkwe akichelewa kuitika. Sekunde 10, mikao 120.