Majimoto: Mlinzi wa Mnazi Tunayemchoma Moto

Mkwezi akiona viota vya majimoto mnazini, kwanza huomba mwenge wa makuti. Namwelewa: chungu hawa hung'ata, kisha hurushia asidi pale palipong'atwa. Lakini mwenye shamba anayemkabidhi mwenge huo anachoma walinzi wa vidaka vyake mwenyewe.

Kitazame kiota kabla ya kukichoma. Pembe za majani zikiwa mbali, chungu hushikana viuno, mmoja nyuma ya mwenzake, mpaka mnyororo ufike ng'ambo, kisha huvuta kwa pamoja. Majani yakikutana, huletwa mabuu. Chungu mzima hana uzi. Hariri anayo buu. Dada yake humbeba kwa taya, humgusagusa kichwa kwa papasi, naye hutoa uzi huku akipitishwa jani hadi jani kama sindano ya mshona mkeka. Mabuu wa chungu wengine wengi hujifumia kifuko kwa hariri yao. Wa majimoto huimaliza kwenye nyumba ya wote, wakageuka pupa wakiwa uchi.

Kutoka viota hivyo majimoto hutawanyika kumwinda kunguni wa minazi, Pseudotheraptus wayi, aliyepewa jina la Michael Way, mtafiti wa majimoto wa Zanzibar katika miaka ya 1950. Kunguni huyu hufyonza vidaka, na mate yake yenye sumu huvipukutisha. Vinavyonusurika huzaa nazi zenye makovu. Dawa ya kupuliza ni shida kuifikisha kwenye kilele cha mnazi mrefu, na ikifika humuua mlinzi pia.

Kuna pia kosa la usafi. Shamba likipaliliwa mpaka udongo ukawa mweupe, tunalisifu. Kumbe tunawanufaisha sisimizi wa vichwa vikubwa wanaokaa chini ya mashina, maadui wakubwa wa majimoto, wasiomzuia kunguni. Magugu yafyekwe, yasing'olewe yote.

Majimoto hufaa pia kwenye mikorosho dhidi ya mbu wa mikorosho, kwenye miembe dhidi ya nzi wa matunda. Na Wachina wamewatumia ndugu zao kwenye michungwa kwa zaidi ya miaka 1,600.

Basi, mwenye shamba, zima mwenge. Funga kamba kutoka mnazi hadi mnazi ili wavuke, na siku ya kuangua mpe mkwezi majivu ajipake mikono na miguu.