Dagaa wa Nassa, Mnunuzi wa Dar: Jinsi Mitandao ya Kijamii Inavyoleta Wateja

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye gulio methali hiyo haina mpinzani. Mnunuzi anafika mwenyewe, anachota dagaa kwa kiganja, ananusa, anaonja mmoja, ndipo anaingiza mkono mfukoni. Lakini dagaa bora waliokaushwa Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, hawawezi kujiuza kwa mtu anayeishi Tabata au Dodoma. Mtu huyo hawaoni, hawanusi, na hamjui aliyewakausha.

Nassa iko wilayani Busega, katika mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Barabara ya lami itokayo Mwanza kwenda Musoma na Sirari inapita wilayani humo. Ziwa liko jirani, na bara yake ni nchi ya pamba na mpunga. Mali ipo: dagaa, sato, mchele, dengu, choroko, na michembe ya viazi vitamu. Kinachopungua ni wanunuzi wapya. Mfanyabiashara mdogo anauza kwa watu walewale, na mzigo ukiwa mkubwa analazimika kukubali bei ya mchuuzi aliyekuja na gari.

Simu ya mkononi inaweza kubadili hali hiyo, ila kwa sharti moja. Mitandao ya kijamii haimtengenezei mtu jina jema. Inalibeba lile alilonalo na kulifikisha mbali. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza si utapata wafuasi wangapi. Jiulize hivi: mteja ambaye hawezi kufika kwangu angependa kuona nini kabla ya kutuma hela yake?

Anza na wanaokujua

Wengi wakisikia biashara ya mtandaoni hukimbilia kufungua ukurasa na kusubiri watu wasiowajua. Wateja wa kwanza wako karibu zaidi. Kila kijiji cha huku Usukumani kina watoto wake Mwanza, Dar es Salaam, Dodoma na Arusha. Wanajua michembe ni nini, na wanajua tofauti ya dagaa wa juzi na dagaa wa mwezi uliopita. Wamo kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo, ya kanisa na ya waliosoma pamoja. Mtu wa namna hiyo huhitaji kumfundisha thamani ya bidhaa. Anachotaka kujua ni kama wewe unaaminika na mzigo utafika.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo wauzaji wengi hawalijui. Stetasi ya WhatsApp hudumu saa 24, na kwa kawaida huonekana na mtu ambaye ninyi wawili mmehifadhiana namba. Ukiwa na namba yake naye hana yako, picha zako hazimfikii. Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi kwa mpigo nayo ina sharti hilohilo: ujumbe humfikia aliyehifadhi namba yako tu, na orodha moja hubeba watu wasiozidi 256. Kwa hiyo mauzo ya kwanza unayofanya kwa mteja mpya ni kumwomba ahifadhi namba yako. Mwambie papo hapo anapolipa: "Dada, niandike jina langu na dagaa, ili nikipata mzigo mzuri uuone." Kisha na wewe mwandike kwa jina lake, mji wake na anachopenda kununua.

WhatsApp ya biashara, iliyoanza mwaka 2018, hailipiwi na inatosha kwa kuanzia. Ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei zake, ina majibu ya haraka ya maswali yanayojirudia, na ina lebo za kumtenganisha aliyeuliza, aliyelipa na aliyetumiwa mzigo. Lebo hizo zina faida kubwa, kwa sababu mteja aliyeuliza Jumatatu asijibiwe hadi Alhamisi amekwisha nunua kwingine.

Usidharau ujumbe wa sauti. Salamu ya "Mwangaluka" kwa sauti yako mwenyewe, ikifuatiwa na bei za leo, humgusa mzee wa Kisukuma aliyeko Dar kuliko tangazo lililopambwa rangi. Kwa wateja wasio wa kwenu, zungumza Kiswahili chepesi, na usizidishe nusu dakika.

Onyesha mchanga ulipo na usipokuwepo

Lalamiko kubwa la wala dagaa linajulikana na kila mama aliyewahi kuwachambua jikoni: mchanga. Dagaa wanaoanikwa chini hubeba mchanga hata ukiwaosha mara tatu. Waliokaushwa juu ya chanja, kwenye wavu ulioinuliwa kutoka ardhini, hubaki safi. Kwa macho, na hasa kwenye picha ya simu, ni vigumu kuwatofautisha.

Basi fanya jaribio mbele ya kamera. Weka maji safi kwenye bakuli jeupe au la kioo. Chota konzi moja ya dagaa wako, watie, koroga kwa mkono, subiri kidogo, kisha waondoe. Elekeza simu kwenye kitako cha bakuli. Kama hakuna punje ya mchanga, umemaliza kazi ambayo maneno "dagaa safi, karibuni wateja" hayawezi kuifanya hata yakiandikwa kila siku. Piga video hiyo asubuhi, jua likiwa halijawa kali, ukiwa na chanja nyuma yako. Na kama mchanga ukionekana, acha kuposti kwanza, ukajenge chanja.

Jambo la pili la kuonyesha ni mizani. Kanda ya Ziwa ina historia ndefu ya kuuliza maswali kuhusu mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba, wakiona wanapunjwa kwenye vituo vya ununuzi, walianza kuweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na juhudi hizo vyama vya ushirika vikasambaa, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambalo kiongozi wake mashuhuri alikuwa Paul Bomani. Harakati kubwa kiasi hicho ilianzia kwenye swali dogo: kilo yangu ni kilo kweli?

Mteja wa mbali anauliza swali hilohilo kimoyomoyo. Mjibu kabla hajauliza. Mzigo wake ukiwa juu ya mizani, piga picha inayoonyesha namba, na kando weka karatasi yenye jina lake la kwanza na tarehe. Mtumie yeye peke yake. Picha hiyo ataionyesha kazini kwake na kwa jirani zake, na hapo ndipo mteja wa pili anapopatikana.

Taja bei, rahisisha malipo

Kuna tabia imeota mizizi kwenye mitandao yetu: mtu anaposti bidhaa nzuri, akiulizwa bei anajibu "njoo inboksi." Wauzaji hudhani wanamvuta mteja karibu. Mara nyingi wanamfukuza, kwani mteja anahisi bei itapangwa kwa kumwangalia usoni. Andika bei ya kilo, bei ya debe na bei ya gunia. Andika pia nauli ya mzigo kwa basi hadi Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam, ili ajue jumla yake bila kukupigia simu.

Malipo nayo yana hofu yake, na hofu hiyo ina sababu. Ni vigumu kumpata Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kupata ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Mteja anayekutumia pesa kwa mara ya kwanza anaukumbuka ujumbe huo. Mpe sababu tatu za kukuamini: jina linalotokea kwenye malipo lifanane na jina la biashara au na jina unalolitumia siku zote, namba ya malipo isibadilikebadilike, na stakabadhi ya mzigo wa basi itumwe kwa picha mara tu mzigo unapopokelewa ofisini, ikiwa na jina la basi, muda wa kuondoka na namba ya kupokelea. Kwa oda ya kwanza kubwa, kubali alipe nusu kwanza na nusu mzigo ukifika stendi.

Lipa Namba, yaani namba ya malipo ya mfanyabiashara, ina faida ya ziada. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008 tumezoea kumwambia mtu "tuma na ya kutolea." Mteja wa mbali aliyekwisha lipa dagaa na nauli ya basi akiambiwa aongeze ya kutolea, anaona kama bei imepanda njiani. Ukiwa na Lipa Namba, mazungumzo hayo yanakwisha. Nawe ulinde upande wako: kabla hujaachia mzigo, angalia salio kwenye menyu yenyewe. Usitegemee ujumbe mfupi wala picha ya ujumbe, kwa kuwa vyote viwili vinaweza kughushiwa.

Fuata kalenda ya ziwa na ya shamba

Wataalamu wengi wa masoko hushauri kuposti kila siku. Kwa Nassa nina ushauri mwingine: posti kwa kufuata mali. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na usiku wa mbalamwezi taa hazina nguvu ya kuwavuta, hivyo wavuvi hupumzika siku kadhaa kila mwezi. Wakati wa giza mzigo ni mwingi. Mbalamwezi ikiwaka unapungua na bei inapanda. Mteja wa mjini haijui kalenda hiyo. Ukimwandikia siku chache kabla, "Mbalamwezi inakuja, anayetaka debe aweke oda sasa," umempa taarifa yenye faida kwake, naye atakuona mtu wa kweli. Wakati wa mvua, jua linapokosekana, sema wazi kwamba ukaushaji umechelewa. Mteja aliyeambiwa asubiri atasubiri. Aliyetumiwa dagaa wabichi nusu hatarudi.

Wenye biashara ya kuuzia wenyeji, kama fundi cherehani, muuza mabati au mwenye duka la vitenge, wana kalenda nyingine. Msimu wa ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, na ndipo fedha huanza kuzunguka Simiyu. Posti ya mabati ya mwezi Februari husomwa tu. Ya mwezi Juni hununuliwa.

Facebook, TikTok na ramani

WhatsApp inatunza wateja ulionao. Mitandao mingine kazi yake ni kukutambulisha kwa wageni. Facebook ina magrupu ya mauzo na ya watu wa mikoa, na watu wengi wa rika la wazazi wamo humo. TikTok huonyesha video hata kwa watu wasiokufuata, ikiangalia mambo wanayopenda kutazama, hivyo lile jaribio la bakuli linaweza kufika mbali bila wewe kuwa na jina. Ila mgeni aliyefurahia video bado hajawa mteja. Weka namba ya WhatsApp mahali paonekanapo, ili atoke kutazama aje kuuliza.

Wenye mgahawa, gereji au nyumba ya wageni wasisahau ramani ya Google. Lamadi, hapohapo Busega, iko karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Dereva au mtalii aliyeko njiani hutafuta kwenye ramani mahali pa kula na pa kulala. Kuandikisha biashara humo hakulipiwi. Jina, picha za kweli, saa za kufungua na namba ya simu vinatosha.

Daftari ndilo shahidi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mteja mpya muulize, "Umetujuaje?" kisha andika jibu lake. Tuchukulie mwezi mmoja umetumia shilingi 15,000 za bando na 10,000 za kulipia tangazo Facebook. Umepata wateja wapya 10, na faida ya kila oda ni 5,000. Saba walisikia kwa wateja wa zamani wanaoona stetasi yako. Watatu waliona tangazo. Wale saba wameleta 35,000; toa bando, unabaki na 20,000. Wale watatu wameleta 15,000. Toa gharama ya tangazo, unabaki na 5,000. Usilifute tangazo bado. Tazama mwezi unaofuata nani amerudi, kwa sababu mteja anayerudi humlipii mara ya pili. Idadi ya laiki usihangaike kuiandika.

Ukiwa na daftari na namba za watu, una dhamana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kuposti picha au jina la mteja, usigawe namba zake, na usimwingize kwenye grupu bila ridhaa yake. Ukianza kufungasha kwa lebo, nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, upate mafunzo na ufuate utaratibu wa TBS, shirika la viwango, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula. Alama yake kwenye pakiti itakusemea kwa mteja ambaye hujawahi kuzungumza naye.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara wa Nassa, usisubiri simu ya gharama wala mtaalamu kutoka mjini. Wiki hii waombe wateja 20 wahifadhi namba yako, piga video moja ya bakuli au ya mizani, andika bei zako wazi na anza daftari. Wiki ijayo, timiza kila ulichoahidi kwenye posti hizo.