Redio ya Ridhaa: Namna ya Kuchagua Chombo cha Kwanza na Kukisimamisha

Watu kadha wa kadha wa Musoma, Bunda na Butiama, na hasa walimu, hutuuliza habari za redio ile ambayo mtu aweza kusema nayo, si kusikiliza tu. Twaona vema kuwajibu wote pamoja, kwa kuwa tumeona fedha nyingi zikipotea kwa kununua kwanza na kuuliza baadaye.

Redio ya ridhaa si kituo cha kutangaza. Mwenye nayo hapigi muziki, hatangazi biashara wala hapokei ujira. Husema na wenye leseni wenzake walio karibu na walio mbali, kwa kupenda elimu ya mawimbi. Umoja wa vyama vya watu hawa duniani uliundwa mjini Paris mwaka 1925. Kila nchi imepewa herufi zake za mwito. Wakati wa utawala wa Waingereza, vituo vya Tanganyika vilianza na VQ3, vya Kenya VQ4, na vya Uganda VQ5. Siku hizi alama za Tanzania huanza na 5H au 5I, hata mtu wa Japani akiisikia hujua mara moja sauti yatoka wapi.

Basi jambo la kwanza si chombo, ni leseni. Hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na sheria inayohusika ni ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mtu aandike kwa Mamlaka kabla hajatoa fedha yake, aulize masharti, tena aulize kama chombo anachokitaka kimekubaliwa kuingizwa nchini. Wako waogopao alama za Morse. Wasiogope: tangu mwaka 2003 mapatano ya mataifa hayamlazimishi tena kila mtu kuzijua, kila nchi huamua yenyewe. Walakini ajifunzaye hatajuta, maana alama hizo hupenya mahali ambapo sauti ya mtu haisikiki.

Sasa chombo. Wengi huvutwa na redio ndogo za mkononi, kwa sababu ni rahisi. Sehemu ya ridhaa katika redio hizo ni kati ya 144 na 146 MHz, na nguvu yake kwa kawaida ni wati 5. Mawimbi hayo huenda kama macho yaonavyo. Juu ya maji ya ziwa huenda vizuri, lakini nyuma ya vilima vya Bunda hufa. Asiye na mwenzake karibu atakuwa kama mtu mwenye ngoma na hakuna wa kuitikia. Na iko hatari kubwa zaidi. Nyingi za redio hizi hufunguka pia katika masafa yasiyo ya ridhaa, ya polisi, ya hospitali na ya vyombo vya majini. Njia ya 156.8 MHz ndiyo wanayoombea msaada wenye vyombo majini. Mtu akibonyeza kitufe hapo kwa mchezo, huenda akamziba mdomo mwenye kuzama.

Kwa hiyo sisi twapendelea, kwa mtu wa Mara, chombo cha mawimbi mafupi chenye masafa ya 7 MHz na 14 MHz. Kilichotumika kwaweza kufaa, iwapo fundi amekijaribu mbele ya macho ya mnunuzi. Chombo cha wati 100 hula kiasi cha ampea 20 mtu anaposema, basi chataka betri kubwa ya volti 12 na waya nene, fupi. Cha wati 10 hula ampea 2 au 3 tu, na betri ndogo yenye sola yatosha jioni nzima. Betri ya asidi isimalizwe. Ikifika nusu iachwe ijazwe, ama sivyo itakufa mapema.

Lakini chombo kizuri chenye antena mbaya ni kazi bure, na antena ndiyo rahisi kuliko vyote. Gawanya 143 kwa masafa uyatakayo, nawe utapata urefu wa waya kwa mita. Kwa 7.1 MHz ni mita 20 na kidogo, yaani mita 10 kila upande, na katikati hufungwa kebo ya omu 50 iendayo chomboni. Kata kila upande mita 10 na nusu, kisha punguza polepole. Sisi wenyewe tulikata kwa haraka mara ya kwanza, tukarudi kuunga vipande kama washona viraka. Kipimo cha mawimbi yanayorudi ndicho kitakachokuongoza: kikionyesha kwamba antena yapenda masafa ya chini kuliko uyatakayo, waya ungali mrefu. Kikisoma 1.5 au chini yake, inatosha. Kikifika 3, usiseme, utaharibu chombo.

Mianzi au mti wenye mita 7 au 8 wafaa kuinua katikati ya waya. Usidhani kwamba urefu huo mdogo ni hasara. Waya ulio chini hurusha mawimbi juu, nayo hurudi kama mvua juu ya nchi za jirani. Hivyo mchana mtu wa Butiama aweza kutafuta Mwanza, Kampala au Nairobi, mahali ambapo redio ya mkononi haifiki kamwe. Usiku mawimbi ya 7 MHz huenda mbali zaidi.

Mlingoti usisimamishwe karibu na waya za umeme. Ukianguka upande wowote usiweze kuzigusa. Tena nchi za kando ya ziwa letu zina radi nyingi mno. Pigilia chuma cha shaba ardhini na kuufunga mlingoti nacho. Na mawingu yakianza kukusanyika, ng'oa kebo chomboni uitoe nje ya nyumba. Usingoje ngurumo ya kwanza. Wala mtoto asiachwe kushika waya ule.

Ukisikia mlio wa kukwaruza usiokoma, usilaumu chombo upesi. Zima taa, chaja za simu na kidhibiti cha sola kimoja kimoja. Mara nyingi adui yumo ndani ya nyumba.

Baada ya hayo, sikiliza siku nyingi kabla ya kusema. Katika 7 MHz weka kitufe kwenye herufi LSB, na katika 14 MHz kwenye USB; ukikosea, sauti za watu zitakuwa kama za bata. Uliza kama masafa hayana mtu, ndipo uite CQ na kutaja alama yako. Kila aliyeitika aandikwe daftarini, pamoja na siku na saa. Hapa walimu wawe waangalifu, kwa kuwa saa iandikwayo ni ile ya dunia nzima: saa tatu asubuhi ya Musoma huandikwa 0600.