Malaria, Ini na Mlango wa Madini ya Chuma

Wilayani Kyela, ambako joto, mvua nyingi na maji yanayotuama huwafaa mbu, mtoto aweza kupewa dawa ya kuongeza damu kwa wiki kadhaa na damu yake isiongezeke. Sababu mojawapo imo katika namna mwili unavyodhibiti madini ya chuma.

Mtu mzima ana takriban gramu 3 hadi 4 za chuma, nyingi zikiwa ndani ya chembe nyekundu za damu. Kila siku mwili hutumia upya miligramu 20 hadi 25 kutoka katika chembe zilizozeeka, ilhali hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu kutoka katika chakula. Kwa kuwa hauna njia maalumu ya kutoa chuma kilichozidi, udhibiti hufanyika mlangoni, yaani katika seli za mwanzo wa utumbo mwembamba.

Seli hizo hupitisha chuma kwenda kwenye damu kwa protini iitwayo feroportini. Akiba ikijaa, ini huzidisha homoni ya hepsidini, ambayo huiharibu feroportini; chuma hubaki ndani ya seli, na seli ikipukutika hutoka nacho chooni. Akiba ikipungua, hepsidini hushuka na mlango hufunguka.

Malaria huvuruga utaratibu huu. Kinga ya mwili inapopambana na vimelea, ini huzidisha hepsidini hata kama akiba ni ndogo. Dawa ya chuma itolewayo wakati huo hufyonzwa kidogo, na uboho hukosa chuma cha kutengenezea damu.

Tahadhari zaidi ilitokana na utafiti wa Pemba, uliochapishwa mwaka 2006. Watoto wadogo walipewa chuma na asidi ya foliki bila kupimwa kwanza. Sehemu hiyo ilisitishwa Agosti 2003, kwani uwezekano wao wa kufariki au kulazwa kwa ugonjwa mkali ulizidi wa wenzao kwa asilimia 12. Hata hivyo, katika kundi dogo lililopimwa na kufuatiliwa kwa ukaribu, watoto wenye upungufu wa chuma walinufaika.

Kwa hiyo, mtoto mwenye homa apimwe malaria na kutibiwa kwanza. Minyoo ya safura na selimundu vichunguzwe pia, maana si kila upungufu wa damu hutokana na ukosefu wa chuma. Mjamzito asiache vidonge vyake. Avitumie pamoja na dawa ya kuzuia malaria atakayopewa kliniki, na alale ndani ya chandarua chenye dawa.

Nyumbani, usipa wa Ziwa Nyasa hutoa chuma kinachofyonzwa kwa urahisi, na chungwa au limau huongeza ufyonzwaji wa chuma cha mboga za majani. Chai huupunguza, inywewe saa moja au mbili baada ya mlo. Damu isipoongezeka baada ya wiki nne za dawa, mgonjwa arudi kituoni achunguzwe upya, badala ya kuongeza dozi mwenyewe.