Bujumbura Iliyojengwa Kwingine: Rekodi Tisa za Wasanifu wa Mandhari ya Filamu

Mwongozaji ndiye anayesifiwa na mwigizaji ndiye anayependwa. Lakini anayeamua kama ukuta upakwe buluu au uachwe na udongo wake, kama kikombe mezani kiwe cha bati au cha kauri, kama mtaa ujengwe upya au utafutwe ulio tayari, ni msanifu wa mandhari. Yeye huusoma mswada, huchora kila mahali panapotajwa, kisha husimamia maseremala, wapaka rangi na wasaka vifaa mpaka ulimwengu wa hadithi usimame mbele ya kamera. Kwetu tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika kazi hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa filamu mbili kubwa za miaka ya karibuni zinazosimulia Burundi zilijengwa nje ya Burundi.

Ya kwanza nyumbani: Gito l'ingrat, 1992

Filamu hii ya Léonce Ngabo ndiyo filamu ndefu ya hadithi ya kwanza ya Burundi. Joseph Kumbela anaigiza kijana aliyesomea Paris, anayerudi Bujumbura akiamini kiti cha uwaziri kinamsubiri. Ni filamu ya kuchekesha, na mji wenyewe ndio mandhari yake. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa na vita vikaanza. Tangu hapo mitaa, magari na mavazi yaliyomo humo yamekuwa kumbukumbu ya Bujumbura ya kabla ya vita. Ngabo hakuishia hapo: mwaka 2009 alianzisha FESTICAB, tamasha la kimataifa la filamu la Burundi.

Wa kwanza kupewa cheo: William Cameron Menzies

Mmarekani huyu alishinda Oscar ya kwanza kabisa ya usanifu, iliyotolewa mwaka 1929. Miaka kumi baadaye, kwa kazi ya Gone with the Wind, mtayarishaji David O. Selznick alimpa cheo kipya cha msanifu mkuu wa mandhari, kwa sababu Menzies alikuwa amechora mwonekano wa filamu nzima, picha baada ya picha. Moto wa Atlanta unaoonekana humo uliwashwa usiku wa tarehe 10 Desemba 1938. Kilichoteketea kilikuwa seti kuukuu zilizojazana uwanjani, likiwemo lango la King Kong. Kwa usiku mmoja studio ilipata tukio lake kubwa na uwanja mtupu wa kujengea.

Mwenye Oscar nyingi za usanifu kuliko wote: Cedric Gibbons

Gibbons aliteuliwa mara 39 na kushinda 11, na ndiye aliyesanifu sanamu yenyewe ya Oscar. Rekodi hiyo ina maelezo yake. Alikuwa mkuu wa idara katika studio ya MGM, na mkataba wake ulitaka jina lake liwekwe hata kwenye filamu zilizochorwa na wasaidizi wake. Nyuma ya Oscar hizo 11 kuna mikono mingi ambayo watazamaji hawakupata kuijua.

Seti kubwa kuliko zote za nje: Jukwaa la Roma, 1964

Kwa ajili ya The Fall of the Roman Empire, Veniero Colasanti na John Moore waliusimamisha mji wa Roma karibu na Madrid, kwenye uwanja wa mita 400 kwa 230. Mafundi 1,100 walifanya kazi kwa miezi saba, wakajenga majengo 27 ya kimo kamili na kusimika sanamu 350. Filamu ilikula hasara na kuchangia kufilisika kwa mtayarishaji wake. Ukubwa wa seti haujawahi kuwa dhamana ya hadithi.

Yenye Oscar nyingi zaidi kati ya zilizopigwa Afrika Mashariki: Out of Africa, 1985

Ilipata Oscar saba, mojawapo ya usanifu, waliyopewa Stephen Grimes na Josie MacAvin. Nairobi ya walowezi ilikuwa imekwisha kumezwa na majengo mapya, hivyo wakaijenga upya. Hata nyumba inayoonekana si ile maarufu ya Karen Blixen, mwandishi ambaye maisha yake yanasimuliwa humo, bali ni ya Mbagathi, alikoishi kabla ya kuhamia hiyo ya pili. Baadhi ya vitu vya filamu leo vinaonyeshwa katika makumbusho ya Karen Blixen, pamoja na vile vilivyokuwa vyake mwenyewe. Samani za kuigiza zimeingia kwenye historia kwa mlango wa mbele.

Mweusi wa kwanza kushinda: Hannah Beachler, 2019

Black Panther ilimpa Beachler Oscar ya usanifu aliyoipokea pamoja na mpambaji wa seti Jay Hart. Hakuna mtu mweusi aliyewahi hata kuteuliwa katika kundi hilo kabla yake. Kabla ya kujengwa chochote, alikusanya kitabu cha kurasa zipatazo 500 juu ya Wakanda: historia yake, makabila yake, usafiri wake, majengo yake. Nchi isiyokuwepo ilipewa kumbukumbu nene kuliko ambazo miji yetu mingi halisi imejiwekea.

Meli ya ziwani iliyozaa filamu bila kuonekana humo: Liemba

Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916. Ikaopolewa mwaka 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Mapigano hayo ya Vita vya Kwanza vya Dunia ziwani yalimpa C. S. Forester riwaya ya The African Queen. John Huston alipoigeuza filamu mwaka 1951, msanifu akiwa Wilfred Shingleton, kamera zilikwenda kwenye mto Ruiki nchini Kongo, na Butiaba kwenye Ziwa Albert, Uganda. Sehemu za mashua inayobeba jina la filamu zilitengenezewa mfano juu ya chelezo ili kamera ipate pa kusimama, na pale waigizaji walipolazimika kuzama majini, walizama kwenye studio London. Tanganyika ilitoa kisa, maji mengine yakaonekana.

Mji ulioigizwa na mji mwingine: Petit Pays, 2020

Gaël Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, na riwaya yake ya 2016 inausimulia utoto ulioingiliwa na vita. Éric Barbier aliipiga filamu Rwanda, na Gisenyi kando ya Ziwa Kivu ikasimama mahali pa Bujumbura. Ukitazama kwa mbali, zinafanana: maji, milima, nyumba za zamani zenye bustani. Ukisogea ndipo ugumu unapoanza. Bujumbura jua huzama ziwani, nyuma ya milima ya Uvira, ilhali Gisenyi iko kwenye ncha ya kaskazini ya Kivu na maji yako kusini kwake. Kreti ya bia ya Primus inapaswa kuwa ya kampuni ya Brarudi ya Bujumbura, na hapohapo Gisenyi ndipo kilipo kiwanda cha Bralirwa kinachopika Primus ya Rwanda. Kibao cha namba cha gari, bango la uchaguzi wa Juni 1993, simu ya mezani sebuleni: kila kimoja ni swali ambalo msanifu lazima alijibu, na aliyeishi mitaa ya Rohero au Bwiza miaka ile atajua mara moja jibu likiwa si sahihi.

Kijiji kilichojengwa kwa taka: Neptune Frost, 2021

Saul Williams na Anisia Uzeyman waliiweka hadithi yao kwenye vilima vya Burundi, kati ya wachimba koltani. Hali ya siasa ikawafanya waipige filamu Rwanda, pamoja na wasanii Warundi walioishi huko ukimbizini. Mandhari na maleba yote yalibuniwa na msanii wa Rwanda, Cedric Mizero. Koti la mhusika Matalusa limeshonewa vitufe vya kibodi, na kijiji cha wadukuzi kimeundwa kwa nyaya na matumbo ya kompyuta mbovu. Hakuna pambo la bure hapo. Madini yaliyotoka kwenye milima hii yanarudi kama taka, na watu wa milima hii wanazivaa kama silaha. Filamu ilioneshwa Cannes, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake.

Rekodi ambayo bado iko wazi

Mizero ametuonyesha kwamba umahiri hausubiri bajeti ya Madrid. Mtaani Buyenzi, Bujumbura, kuna gereji zenye vyuma vya kila umri, na mafundi wanaoweza kuunda karibu chochote wakipewa mchoro. Tunachopungukiwa ni ghala la kumbukumbu. Soko kuu la Bujumbura liliungua Januari 2013, na atakayetaka kulijenga tena kwa ajili ya filamu atahitaji picha za vibanda, vipimo vya njia, rangi za mabati. Hivyo bado vimo kwenye albamu za familia na vichwani mwa wachuuzi. Vikusanywe sasa, vipigwe picha, viandikwe majina na miaka, na vijana wanaopita FESTICAB wafundishwe kuvichora. Siku filamu kubwa ya Bujumbura itakapopigwa Bujumbura, jina la msanifu wake linapaswa kuwa la Mrundi aliyejiandaa.